Magunia ya Mafundo Mawili

"Mamdogo, ulijua lini?"

Ruti aliuliza swali hilo Jumamosi moja ya mwezi wa sita, wakitoka mkutanoni, yeye akiwa kidato cha kwanza na shule zimefungwa. Judith, mke wa baba yake mdogo, alikuwa ametangulia hatua mbili, laptopu kaibana kwapani kama mtu aliyebeba kuku. Hakugeuka. Alisema tu, "Angalia unapokanyaga, kuna tope," na tope lenyewe halikuwepo. Tunduma mwezi wa sita ni vumbi na baridi, basi.

Toka siku hiyo Ruti akawa na jambo lake rohoni. Mama yake mdogo alimpenda, tena sana. Ila kila akimtazama usoni aliona kama mlango uliorudishwa bila kufungwa.

Ili mtu aelewe swali lilitoka wapi, inabidi kwanza amjue Judith.

Judith alizaliwa Isansa, kwenye mibuni, mtoto wa tano wa watu wanaoamka kabla ya jogoo. Alisomea kompyuta Mbeya, akarudi na stashahada, ikakaa kwenye bahasha mwaka mzima. Mwisho akafungua steshenari Tunduma, kwenye mtaa ambao malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpaka mtu anasahau kwamba ile ni barabara. Alitoa kopi, alipiga picha za pasipoti, aliwajazia watoto wa watu fomu za vyuo, aliandika barua za malalamiko. Nyuma ya pazia la kitenge ndiko alikoandikia programu zake. Mume wake, Shadrack, ni dereva wa malori ya Kongo. Hukaa nyumbani siku tatu, akaondoka wiki tatu. Mtoto wao mmoja, Nesta, wakati huo alikuwa ndiyo anajifunza kutembea. Ruti ni mtoto wa kaka yake Shadrack aliyebaki Mbebe, kule milimani Ileje, na alikuja kukaa nao ili asome.

Kitu alichokigundua Ruti wiki ya kwanza tu ni kwamba Judith alikuwa haamini kitu mpaka akione kikikataa. Fundi alileta kufuli jipya la duka, akalifungua, akalifunga, akatabasamu. Judith akaenda kuchukua ufunguo wa jirani, akaanza kuchokonoa nao.

"Dada, huo si wake," fundi akashangaa.

"Najua si wake. Kufuli kufunguka kwa ufunguo wake si habari. Nionyeshe likikataa wa mwingine."

Likakataa. Ndipo akalipokea.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Kulikuwa na kikundi cha wakulima wa mahindi chenye vituo vitatu, Isansa, Galula na Mbebe, na ghala lao Tunduma. Ugomvi wao wa kila msimu ulikuwa mahindi mabichi. Mtu anavuna haraka awahi wanunuzi, anapakia magunia hayajakauka, na gunia bichi likiingia ghalani linapata moto ndani kwa ndani, linaota ukungu, na ukungu unaacha sumukuvu, ile sumu inayokula ini la mtu polepole huku anashiba. Mwenyekiti wao, mama mmoja anaitwa Imelda, mnene wa sauti kuliko mwili, alimwambia Judith, "Mimi nataka kitu kisicho na shemeji wala binamu. Mpokeaji anaweza kumwonea mtu haya. Simu haina haya."

Judith akawaandikia. Kila kituo kikapewa kipima unyevu na simu. Mpokeaji anachoma kipima ndani ya gunia, anasoma namba, anaiandika kwenye simu, anabonyeza Pokea. Ikizidi kumi na tatu na nusu, skrini inakuwa nyekundu na gunia linarudi kwa mwenyewe likaanikwe. Isipozidi, kijani, linapita. Namba zenyewe zinabaki kwenye simu ya kituo. Ghalani Tunduma inafika orodha ya majina, magunia na rangi.

Ruti alikaa nyuma ya pazia lile jioni nyingi akitazama, maana hakuna kitu kilichomkosesha usingizi kama kutojua kitu kinafanyaje kazi. Aliona Judith akiandika, kwenye lugha inayoitwa Python, na mbele ya kila nafasi ya kujazwa akiweka neno. Kwenye nafasi ya uzito, neno Uzito. Kwenye unyevu, Unyevu.

"Hilo neno ndilo linalokataa mahindi?" akauliza.

"Hapana. Hiyo ni lebo. Sheria yenyewe iko faili lingine." Judith akafikiri kidogo. "Kanisani si unaona kiti kimebandikwa karatasi, Mchungaji? Karatasi haihubiri. Inasema tu nani anatakiwa akae pale. Ibada ikianza, ndipo utajua kama mchungaji kaja."

"Kwa hiyo programu inasoma karatasi, halafu inamwita?"

"Ikishawaka na kuanza kazi, ndiyo. Mtu anabonyeza Pokea, programu inasoma lebo, inatafuta mwenye lile jina, inamleta, anakagua. Lebo inaandikwa leo, mwenye jina anaitwa kesho."

"Na asipokuwepo?"

Judith akacheka. "Wewe mtoto utakuwa askari."

Hakujibu, na Ruti hakugundua kwamba hakujibiwa. Ndiyo hivyo.

Judith alikuwa na desturi moja kila akimaliza kituo. Alikwenda mwenyewe, akasimama na mpokeaji, akamwambia aandike vitu vya uongo. Andika hamsini. Andika herufi. Acha wazi. Alikwenda Isansa, akafanya hivyo. Alikwenda Galula kwa bodaboda, akarudi mwekundu kwa vumbi kama tofali, akafanya hivyo. Programu ilikataa kila upuuzi, naye akarudi kafurahi.

Mbebe hakwenda.

Na sababu ni kwamba mpokeaji wa Mbebe, aliyechaguliwa na watu wote kwa kuwa anang'ata punje moja na kukuambia imekaa juani siku ngapi, alikuwa Mzee Lusubilo. Babu yake Ruti. Baba mkwe wa Judith.

Wengi siku hizi wameacha, hasa mjini, lakini nyumba ile ya Mbebe iliishika miiko ya ukwe kama ilivyopokewa. Mke wa mwana hasimami uso kwa uso na baba mkwe. Wakikutana njiani, anapisha, anachuchumaa, anageuka pembeni. Jina lake halitamki. Toka aolewe, Judith alimwita "baba wa Mbebe", na siku ya kuingiza majina ya wanachama kwenye programu, alipofika kwake alisukuma laptopu kwa Ruti, akatazama ukutani. "Andika wewe," akasema. Ruti akaandika, L-u-s-u-b-i-l-o, akijisikia mtu mkubwa.

Sasa mke wa mwana atasimamaje mbele ya baba mkwe amwamrishe, andika hiki, futa hiki, hapana umekosea? Haikuwezekana. Judith alitazama faili la Mbebe kwenye laptopu, akaona hakuna mstari mwekundu hata mmoja, maana programu anayoandikia humpigia mstari kila anapokosea. Akaiweka kwenye simu, akaifunga kwenye mfuko, akampa Ruti aipeleke alipokwenda kusalimia. Mwanamke aliyejaribu kufuli kwa ufunguo wa jirani alipeleka programu bila kuijaribu.

Mwezi wa sita, Jumanne, mnunuzi mmoja kutoka ng'ambo, Nakonde, aliingia ghalani, akasalimia "Mulishani" yake vizuri, akazamisha mkono kwenye gunia la katikati. Akautoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Awe," akasema, akitikisa kichwa. "Awe, awe." Hata asiyejua Kibemba alielewa.

Jastin, mtunza ghala, kijana mrefu mwenye macho yasiyotulia, akafungua gunia. Ukungu wa kijivu. Akafungua la pili, la tatu. Hadi saa tisa alikuwa amepata magunia arobaini na moja, yote ya Mbebe, yote yaliyopita na kijani. Kisha akaona kitu kingine, akaita watu.

"Hebu tazameni midomo."

Magunia ya Mbebe yote yalifungwa kwa kamba ya katani. Mazuri yalikuwa na fundo moja. Yaliyooza, arobaini na moja, hakuna hata moja lililokosa, yalikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine.

"Alama," Jastin akasema polepole. "Mtu alijua yapi mabichi. Akayawekea alama. Halafu kwenye simu akaandika kumi na mbili, kijani, twende. Sijui kala nini, ila kala."

Imelda akalishika fundo moja. "Mzee Lusubilo?"

"Mama mwenyekiti, mimi sitaji mtu. Nasoma mafundo tu." Kisha akamtupia jicho Judith, aliyekuwa ameitwa na kusimama mlangoni na Nesta mgongoni. "Ila mkwe kaandika programu, baba mkwe kapokea mahindi. Mchawi mpe mtoto akulelee. Sisi tumempa ghala zima."

Imelda akaitisha mkutano Jumamosi. Hoja moja tu: Mzee Lusubilo avuliwe upokeaji, atolewe kwenye kikundi, na barua iende kwa mtendaji wa kijiji chake kwamba ni mwizi. Mzee wa miaka sabini na moja, mzee wa kanisa, asomwe mbele ya watu. Ruti alisikia hayo yote akiwa nyuma ya Judith.

Jumatano asubuhi Judith hakufungua duka. Alikaa nyuma ya pazia na laptopu. Ruti alikuwa nje anafua, na pazia likapeperuka kidogo, akamwona. Alikuwa haandiki. Mikono yote miwili ilikuwa mdomoni. Akakaa hivyo muda ambao Ruti alisuuza shuka nzima. Kisha akaandika kitu kifupi, akafunga laptopu, akatoka, akaenda kuchambua maharage ambayo Ruti alikuwa ameshayachambua.

"Umeona kitu, mamdogo?"

"Kitu gani?"

"Kwenye programu."

"Programu haina neno," Judith akasema, macho kwenye ungo. "Twende Mbebe keshokutwa. Nataka nione hiyo simu."

Alhamisi Jastin alipita dukani, eti anataka kopi ya kitambulisho. Hakuwa na kitambulisho.

"Mtaalamu," akasema, kaegemea kaunta, "nikuulize. Hivi programu yako inaweza kumpendelea mtu?"

"Inaweza kumpendelea anayekuja na kitambulisho chake. Wewe unataka kopi ya nini, ya meno?"

"Haya, cheka. Jumamosi si mbali."

"Jastin, kama una la kusema liseme."

"Nasema hivi, mwizi hana mkwe." Akaondoka akipiga mluzi. Judith alicheka kwa nguvu, cheko refu kuliko utani wenyewe.

Ijumaa walipanda gari Mpemba, wakamalizia mlima kwa bodaboda. Mzee Lusubilo alikuwa nyumbani, habari zimeshamfikia, maana habari mbaya haisubiri gari. Alikaa ndani, kwenye stuli karibu na mlango. Judith akaketi nje, chini, ubavuni mwa ukuta, kitenge kimefunika kichwa na mabega, uso kauelekeza kwenye banda la mbuzi. Kati yao palikuwa na ukuta wa tofali na mlango ulio wazi. Kila mmoja alimsikia mwenzake hata akipumua. Na mlangoni, kizingitini, akasimama Ruti, kazi yake ikiwa kubeba maneno.

"Mwambie mama Nesta karibu," akasema mzee.

"Mamdogo, babu anasema karibu."

"Mwambie baba ahsante. Muulize kama wameamka salama."

"Babu, anasema ahsante, mmeamka salama?"

"Salama, ila mguu. Mwambie mguu."

"Mguu," Ruti akasema.

"Mpe pole ya mguu."

"Pole ya mguu, babu."

"Mjukuu wangu unayakata maneno," mzee akalalamika. "Nakusikia. Mwenzako kaleta mzigo mzima, wewe unafikisha nusu."

Hata Judith alitabasamu chini ya kitenge. Kisha tabasamu likaisha.

"Muulize," akasema, "yale mafundo mawili ni ya nini."

Ruti akageuka, akafungua mdomo, na hakuhitaji kusema. Babu yake alikuwa tayari ameinamisha kichwa.

"Mwambie," akaanza, "nilikuwa nachoma kile chuma, naandika namba kama nilivyofundishwa. Simu inasema kijani. Mimi natia punje mdomoni, jino linasema mbichi. Narudia. Simu kijani, jino mbichi. Sasa mjukuu wangu, hiyo simu kaitengeneza nani? Mkwe wangu. Mtu mwenye elimu. Nimwambie nini, kwamba jino langu linajua kuliko shule yake? Na nimwambie kwa mdomo gani, wakati sisemi naye?"

"Si ungempigia mama mwenyekiti, babu?"

"Nimwambie mwenyekiti mke wa mwanangu kakosea?" Mzee akamkazia macho kama kasema neno la matusi. "Baba mkwe anayemchongea mkwe wake, huyo ni mtu? Nikasema hapana. Yale ambayo jino linayakataa nitayafunga mafundo mawili. Ghalani kuna watu, wana macho, ataona mmoja aulize, mzee, haya vipi? Hapo nitasema nimeulizwa. Hakuuliza mtu. Wiki tatu hakuuliza mtu. Sasa wameona, wamesema wizi."

Nje, Judith alikuwa hapumui. Ruti aliona kitenge kimetulia kama kimeanikwa.

"Leta simu," sauti ikatoka chini ya kitenge. Judith alisahau hata kusema mwambie baba.

Ruti akampelekea. Judith akafungua orodha ya namba, ile inayobaki kituoni. Kumi na saba. Kumi na tisa. Kumi na nane na nusu. Namba za kweli, zimeandikwa na kidole cha mzee, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja, kijani. Hapakuwa na kumi na mbili ya uongo hata moja. Judith aliishika ile simu kwa muda, mabega yakamshuka. Ruti akadhani ni furaha, babu yake kasafishika.

Kisha Judith akaandika tisini. Kijani. Hakuna mahindi ya unyevu wa tisini duniani. Hayo ni uji. Akaandika neno ng'ombe. Akabonyeza Pokea.

Kijani.

"Imesemaje?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Imepokea ng'ombe, babu," Ruti akasema.

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Mwambie mama Nesta, huyo nisingemng'ata."

Judith hakucheka. Akaanza kueleza, akielekea banda la mbuzi, na Ruti akibeba. Alisema Mbebe wanapokea na maharage, kwa hiyo aliwaandikia faili jipya. Faili la kituo lilikuwa linaliita faili la vipimo, na faili la vipimo nalo linaliita la kituo, kila moja linasubiri mwenzake aanze, programu ikakataa hata kuwaka. Akatumia ujanja mmoja: jina Unyevu aliliingiza kwa ajili ya ukaguzi wa wakati wa kuandika tu, na lebo akaiweka ndani ya alama za kunukuu, kama mtu anayetaja jina bila kumleta mwenyewe. Wakati wa kuandika, mkaguzi anamwona Unyevu, haweki mstari mwekundu. Ila programu ikishawaka kituoni, mlango ule wa ukaguzi umefungwa. Mpokeaji anabonyeza, programu inasoma lebo, inamtafuta Unyevu, hayupo.

"Na ikimkosa si ingepiga kelele?" Ruti akauliza, na hilo halikuwa la babu, lilikuwa lake.

"Niliiambia isipige," Judith akasema. "Niliandika kwamba ikimkosa mtu inyamaze iendelee. Sikutaka wapokeaji waogope maneno ya Kiingereza kwenye skrini. Ikanyamaza. Asiyekaguliwa anapita. Ni kama nilibandika karatasi ya Mchungaji kwenye kiti, nikaondoka."

Mzee Lusubilo alisikiliza yote mara mbili, mara ya ukutani na mara ya Ruti. Mwisho akasema, "Mwambie mama Nesta, kumbe sote wawili tulinyamaza."

Njiani kushuka Ruti alikaa katikati kwenye pikipiki, Judith nyuma yake. Lakini kichwani kuna kitu kilimkuna. Mama yake mdogo alieleza kila kitu, mafaili mawili, ujanja, alama za kunukuu, kunyamaza, bila kujikwaa. Na laptopu muda wote ilikuwa kwenye begi, zipu imefungwa.

Jumamosi ghala lilijaa. Judith hakusubiri ajenda. Alisimama, akampa Imelda simu ya Mbebe, akamwambia, "Mama mwenyekiti, andika hapo unyevu wowote. Andika jina lako ukitaka."

Imelda akaandika. Kijani. Akampa Jastin. Jastin akaandika, akakunja uso, akaandika tena. Simu ikazunguka mikononi mwa watu, minong'ono ikapanda.

"Kosa ni langu," Judith akasema. "Mzee wa Mbebe aliandika kweli tupu, someni namba. Mafundo mawili ni jino lake. Lilikuwa linawaambia. Nimegundua jana, nikiwa Mbebe."

Alisema hivyo, jana. Ruti alikuwa kaketi kwenye gunia, akainua kichwa.

Mzee Lusubilo alikuwa mbele, kavaa koti la kanisani. Alipoitwa kusimama, Judith akageuka, akawapa watu wote mgongo, akatazama ukuta wa ghala. Na hapo ndipo wengi, hata wa Isansa wasio na mwiko huo, walipoelewa jambo lote bila kuelezwa. Mzee alisema maneno machache. Alisema amechukuliwa kuwa mwizi siku nne, na kwamba siku nne kwa umri wake si chache.

"Basi mimi nilisoma mafundo vibaya," Jastin akasema, kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mzee."

"Ulikuwa wa kwanza kuyasoma," mzee akamjibu. "Ungeuliza tu."

Imelda akaamua. Mzee anabaki. Magunia arobaini na moja yatafukiwa. Programu ya Judith inasimama msimu mzima, watarudi kwenye daftari, na akitaka kuirudisha ataijaribu kila kituo mbele ya wanachama, mkwe au si mkwe. Watu wakakubali. Wapo waliomtazama Judith kwa huruma. Wapo waliomtazama vingine. Walipotoka nje ndipo Ruti akamuuliza, na akaambiwa kuna tope.

Miaka mitatu ikapita. Programu ilirudi, safari hii haifunguki asubuhi kabla haijaita majina yote, na likikosekana moja inasema kwa Kiswahili ni nani hayupo na inagoma. Judith aliweka pia kitufe kipya ambacho mpokeaji anabonyeza akiwa na shaka yake mwenyewe, na shaka hiyo inafika ghalani kabla ya gunia. Kule Mbebe Judith aliijaribu mwenyewe, kageukia banda la mbuzi, Ruti mlangoni. Mzee Lusubilo bado anang'ata. Galula walikataa kurudi kwenye programu, wakasema daftari halina mlango wa nyuma, na Judith hakuwabembeleza.

Ruti akafika kidato cha nne. Judith alimpa ile laptopu ya zamani ajifunzie, na Ruti, ambaye hajawahi kupewa droo asiifungue mpaka mwisho, alikuta faili la Mbebe. Yalikuwa mawili, lenye kosa na lililorekebishwa. Mstari mmoja tu ulitofautiana, jina Unyevu limetolewa kwenye ule mlango wa ukaguzi, likaletwa ndani. Na kompyuta, kama kawaida yake, iliandika pembeni siku na saa lile lililorekebishwa lilipohifadhiwa. Ruti alihesabu nyuma kwenye kalenda ya simu mara tatu. Ilikuwa Jumatano. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ile aliyosuuza shuka.

Akampelekea Judith ile laptopu dukani, akaiweka kwenye kaunta, akaigeuza ili aone. Judith alisoma ile tarehe. Nje lori moja likapiga honi, likanyamaza. Akatazama kama kuna mteja. Hapakuwa na mteja.

"Jumatano," akasema. "Nilijua Jumatano, nikalirekebisha, nikafunga laptopu. Ningeweza kumpigia Imelda saa ile ile, na babu yako asingelala hata usiku mmoja zaidi na jina la mwizi. Sikupiga. Nilijiambia, ngoja kwanza nikaone hiyo simu. Kama kaandika kumi na mbili za uongo, basi mahindi kayaharibu yeye, na langu nalibadilisha kimya kimya, hakuna wa kujua. Nilipanda ule mlima nikiomba awe mwizi, Ruti. Toka Mpemba hadi mlangoni kwake, nilimwomba Mungu baba mkwe wangu awe mwizi."